Kumwambia kocha "arudi kwao" si tathmini

Kila timu ya taifa inapofungwa mechi mbili mfululizo, hapa Mabanda nasikia maneno yale yale, tena nayasikia kabla hata wachezaji hawajafika hotelini. Kocha amekalia kuti kavu. Kibarua chake kitaota nyasi. Kuna mzungu anakuja, mkataba umeshaandikwa, bado kutiwa saini tu. Anayesema hayo hajawahi kuuona mkataba wa kocha yeyote, lakini anazungumza kama mtu aliyekuwamo chumbani. Jioni habari imeshavuka Mugina, na asubuhi inarudi kutoka Manyovu ikiwa imenenepa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilizaliwa na kusomea Ulyankulu, mkoani Tabora, kwenye makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972. Nilirudi Burundi mwaka 2009 nikiwa na mke, watoto wawili, baiskeli na vyeti vya shule za Tanzania. Soka si kazi yangu. Ninaandika leo kwa sababu ya kocha mmoja, Etienne Ndayiragije, ambaye habari zake nimezifuatilia kwa miaka kadhaa, na kwa sababu siku moja nilimkosea mbele ya watu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, Septemba 8, 2019. Burundi na Tanzania zilikuwa zinarudiana Dar es Salaam kutafuta nafasi ya kuingia hatua ya makundi ya kufuzu Kombe la Dunia la 2022. Jumatano iliyotangulia, mjini Bujumbura, Cédric Amissi alitufungia, tukadhani tumemaliza kazi, Simon Msuva akasawazisha dakika chache baadaye. Kwa hiyo Jumapili ile banda umiza la hapa kwetu lilijaa mpaka watu wakasimama nje na kuchungulia madirishani. Walikuwapo wenyeji ambao hawakuwahi kuikimbia nchi. Tulikuwapo sisi tuliorudi, wa Ulyankulu, Katumba, Mishamo na wa kambi za Kigoma. Na walikuwapo wafanyabiashara wa dagaa kutoka ng'ambo waliolala huku wakisubiri soko la Jumatatu.

Ndugu msomaji, kama nawe ulikulia uhamishoni unaelewa hali ya mtu kama mimi katika mechi ya namna ile. Utotoni niliishangilia Taifa Stars kwa redio ya mkulima, nikayajua majina ya wachezaji wake kabla sijaiona Bujumbura hata kwa picha. Halafu unarudi nyumbani na kuambiwa timu yako ni Intamba mu Rugamba. Unakubali, na kwa kweli unaipenda. Lakini Mbwana Samatta anapofunga, kuna sehemu ndani yako inayoruka kabla hujaikataza. Siku ile Samatta alifunga kweli, nikakaza meno. Fiston Abdul Razak akasawazisha, banda likalipuka. Ikawa sare tena ya 1-1, na mambo yakaenda kwenye mikwaju ya penalti.

Tulikosa zote. Tanzania wakafunga tatu, sisi hatukupata hata moja. Golini kwao alisimama Juma Kaseja, mzee wa kazi ambaye wengi walidhani enzi zake za timu ya taifa zimekwisha, na aliyemrudisha ni kocha wao. Kamera ikaenda kwenye benchi la Tanzania, ikamwonyesha kocha huyo. Alikuwa Ndayiragije, Mrundi mwenzetu.

Mtu mmoja nyuma yangu akapiga kelele: "Msaliti!" Banda zima likacheka kwa uchungu. Mimi nilicheka, nikaongeza na la kwangu, ambalo sitaliandika hapa.

Kesho yake darasani mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, yule kocha ni wetu au ni wao?" Nikamjibu kwamba ni wao maadamu ndio wanaomlipa. Darasa likacheka, tukaendelea na ngeli. Lakini swali lile halikuniacha. Nilipokuwa mtoto Tabora, ugomvi wa sokoni ukipamba moto, mtu alitutupia neno moja lililomaliza mjadala: rudini kwenu. Niliporudi kwetu, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, mtumishi alivisukuma vyeti vyangu kwa kidole kimoja, akaniambia nivipeleke Tanzania vinakosomeka. Kwa hiyo najua jinsi mtu anavyopimwa kwa alikotoka, kabla hajapewa hata chaki. Na bado nilimfanyia mwingine hivyo hivyo, tena kwa faranga mia tatu za kiingilio.

Ndayiragije hakuokotwa njiani. Mwaka 2016 alikuwa na Mbao FC ya Mwanza, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, isiyo na tajiri wala jina. Msimu huo huo Mbao waliitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho pale CCM Kirumba, wakaenda fainali Dodoma Mei 2017. Simba waliwafunga 2-1, lakini baada ya kutolewa jasho mpaka muda wa nyongeza. Baadaye akaichukua KMC ya Kinondoni, ikamaliza ya nne kwenye ligi msimu wa 2018/19. Wafanyabiashara mnajua thamani ya mtu anayepewa mtaji mdogo na kuurudisha na faida. Huyo ndiye aliyeitwa.

Na aliitwa wakati gani? Emmanuel Amunike wa Nigeria alikuwa ameipeleka Tanzania kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Miaka 39! Huko Misri, Juni na Julai 2019, Stars walipoteza mechi zote tatu, dhidi ya Senegal, Kenya na Algeria, na Amunike akafungashiwa virago muda mfupi baadaye. Sisi Burundi tulikuwa kwenye fainali hizo hizo kwa mara yetu ya kwanza kabisa, chini ya mzalendo Olivier Niyungeko. Tulipoteza zote tatu na hatukupata bao hata moja, ila tulirudi tukijisifu kwamba tumefika. Shule ile ile, alama zinakaribiana, huku mzazi anachinja kuku na kule anashika fimbo. Yote yanategemea mzazi alitarajia nini, na kama alimwambia mtoto mapema.

Basi Ndayiragije akakabidhiwa Stars kwa muda. Agosti 2019 akaitoa Kenya kwa penalti jijini Nairobi. Septemba akatutoa sisi. Mwezi huo huo akafungwa nyumbani na Sudan bao 1-0, na hapo ndipo nilipoanza kusikia kwa wenzetu wa Kigoma ule wimbo wa kuti kavu. Akaenda Sudan, akashinda 2-1, bao la pili likitoka kwa Ditram Nchimbi, na Tanzania ikarudi kwenye CHAN, michuano ya wachezaji wa ligi za ndani, ambayo haikuwa imeiona tangu ile ya kwanza ya mwaka 2009. Wimbo ukazimwa. Novemba akaifunga Guinea ya Ikweta 2-1, siku chache baadaye akafungwa na Libya kwa idadi hiyo hiyo. Wimbo ukawashwa.

Halafu ikaja Corona. CHAN ya Aprili 2020 ikasogezwa mpaka Januari 2021, na timu za taifa zikakaa miezi bila mechi. Kocha hana darasa, hana daftari, ila siku zake za mkataba zinahesabiwa. Oktoba 11, 2020, Stars walipojaribu miguu yao kwa mechi ya kirafiki pale Uwanja wa Mkapa, mgeni wao alikuwa nani? Burundi! Tulishinda 1-0, kwa bao la Saidi Ntibazonkiza, ambaye baada ya hapo akachukuliwa na Yanga.

Siku ile nilikuwa Manyovu kumsindikiza shemeji yangu anayefanya biashara ya mchele. Tuliisikiliza kwa redio ya duka moja la vitenge. Mechi ilipokwisha, mwenye duka, mtu mpole ambaye amemkopesha shemeji yangu zaidi ya mara moja, alizima redio akasema: "Tumewekewa mtu wao aje atufungishe. Arudi kwao."

Nilitaka kucheka. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa msaliti wa Burundi kwa kuifungisha Burundi. Sasa alikuwa mpelelezi wa Burundi kwa kuifungisha Tanzania. Mtu huyo huyo, kazi ile ile. Sikucheka, kwa sababu nilikumbuka banda letu.

Sasa niseme haki. Matokeo yake ya mwisho hayakuwa ya kujivunia. Novemba 2020 alifungwa na Tunisia ugenini 1-0, akatoka nayo sare ya 1-1 Dar es Salaam kwa bao la Feisal Salum, sare nzuri lakini haikutosha kumtuliza mtu. Januari 2021 huko Cameroon alifungwa na Zambia 2-0, akaishinda Namibia 1-0, kisha dhidi ya Guinea akaongoza 2-1 na kuruhusu bao la kusawazisha zikiwa zimebaki dakika chache. Ushindi pale ungempeleka robo fainali. Mwajiri yeyote ana haki ya kuangalia hesabu hiyo na kusema haitoshi. Februari 2021 Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, lilitangaza kwamba pande mbili zimekubaliana kusitisha mkataba, na Kim Poulsen wa Denmark akachukua nafasi yake. Kundi la Kombe la Dunia ambalo Mrundi alilipata kwa kututoa sisi, pamoja na Kongo, Benin na Madagascar, akaenda kulicheza Mdenmark, akamaliza wa tatu.

Sisemi TFF ilimwonea. Sikuwamo kwenye kikao chao, na nisije nami nikawa kama wale ninaowalalamikia. Ninachosema ni kwamba kati ya Oktoba 2019 na Februari 2021 sikumsikia mtu hata mmoja, kwenye banda wala dukani wala redioni, akiuliza swali la kwanza ambalo mwalimu anaulizwa na mkaguzi: ulipewa lengo gani, na kwa muda gani? Aliambiwa afike CHAN? Alifika. Aliambiwa afike robo fainali? Hakufika. Aliambiwa ajenge timu ya miaka mitatu? Basi alikatwa katikati. Bila jibu la swali hilo, mjadala wote unabaki kwenye pasipoti. Na pasipoti haishindwi kamwe kwenye mjadala.

Wapo watakaonijibu kwamba wageni wote wanafanyiwa hivyo. Si kweli kwa kiwango hicho hicho. Wasomaji wa umri wangu mnamkumbuka Marcio Maximo, Mbrazili aliyeishika Stars kuanzia 2006 hadi 2010. Alikaa miaka minne, hakuifikisha Fainali za Mataifa ya Afrika, ila aliipeleka CHAN ya 2009. Alisemwa sana, lakini sikumbuki kumsikia mtu akisema "Mbrazili atufungishe". Mtu akitoka mbali anaitwa mtaalamu. Jirani, hata awe na cheti kile kile, anabaki mtu wa ng'ambo ya mto. Wenzangu tuliorudi tunalijua hili kwa upande wa pili: ofisini mwalimu aliyesomea Ulaya hachungulii vyeti vyake vikisukumwa kwa kidole.

Lakini pia tusidhani ni ugeni peke yake. Tangu Amunike aondoke Julai 2019 mpaka Miguel Gamondi alipokabidhiwa timu Novemba 2025, benchi lile limekaliwa na Ndayiragije, Poulsen, Honour Janza wa Zambia, Adel Amrouche na Hemed Suleiman. Huyo wa mwisho ni Mtanzania halisi. Aliifikisha Stars kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika za 2025 na robo fainali ya CHAN ya Agosti 2025, na bado fainali zenyewe zilipokaribia alikuwa ameshaondoka. Kwa hiyo mwenyeji naye hukatiwa kuti. Tofauti ni moja tu, kwamba yeye hana pa kuambiwa arudi.

Huyo Amrouche niliyemtaja ni mfano unaostahili kutazamwa na mtu yeyote wa mpakani. Ni mzaliwa wa Algeria aliyezunguka eneo letu kama mchuuzi wa nguo: alianza na Burundi mwaka 2007, akaenda Kenya mwaka 2013, Tanzania mwaka 2023, Rwanda mwaka 2025. Kenya alitwaa nayo Kombe la CECAFA Desemba 2013. Agosti 2014, baada ya kutolewa na Lesotho, akatimuliwa. Mashabiki walifurahi, magazeti yakauza. Kisha mtu akafungua mkataba na kuusoma. Kesi ikaenda kwenye vyombo vya FIFA, ikachukua miaka, na shirikisho la Kenya likaamriwa kumlipa zaidi ya shilingi milioni 100 za kwao kwa kumvunjia mkataba, huku likitishiwa adhabu lisipolipa. Fedha hizo zingenunua mipira mingapi ya shule za msingi, hilo kila mtu apige hesabu mwenyewe. Aliyeanzisha tetesi mwaka 2014 hakuchangia hata shilingi.

Na tetesi ina mwenyewe siku zote. Hapa nawaombeni ninyi mnaovuka Mugina mnisaidie kueleza, kwa kuwa mnaijua biashara hii kuliko mimi. Mara ngapi mmesikia usiku kwamba mpaka unafungwa kesho? Asubuhi bei ya dagaa imepanda, mafuta ya mawese yamefichwa, saa nne mpaka uko wazi kama jana, na kuna mtu mmoja ghala lake limekuwa tupu kwa bei nzuri. Hamumjui, lakini mnajua yupo. Kwenye soka ni hivyo hivyo. Kuna wakala ana kocha asiye na kazi. Kuna kiongozi anayetaka makosa ya maandalizi yasahaulike, ndege iliyochelewa, kambi ya siku tatu, posho ambazo hazijalipwa. Kuna mchezaji aliyeachwa benchi na ana rafiki redioni. Na kuna sisi waandishi, gazeti hili likiwamo, tunaojua kwamba kichwa cha habari chenye "kocha kutimuliwa" kinanunuliwa kuliko kile chenye "kocha anaendelea na kazi".

Nirudi kwa Ndayiragije, kwani habari yake haikuishia Dar es Salaam. Baadaye alikabidhiwa Intamba mu Rugamba. Msaliti wetu akarudi nyumbani! Lakini nyumbani kwenyewe palikuwa wapi? Uwanja wetu wa Bujumbura ulikuwa haujakidhi masharti ya shirikisho la Afrika, na Burundi ilikuwa inapokea wageni wake ugenini. Mechi ya "nyumbani" dhidi ya Cameroon, Juni 2022, ilichezwa Dar es Salaam. Timu nzima ilikuwa mkimbizi, ikihifadhiwa na jirani yule yule aliyetuhifadhi sisi. Mwaka 2023 chini ya Ndayiragije tuliifunga Namibia 3-2 huko Johannesburg, matumaini yakaamka, watu wakaanza kupanga safari ya Ivory Coast. Septemba tukaenda Cameroon kwa mechi ya mwisho ya kundi tukachapwa 3-0.

Nilikuwa kwenye banda lile lile. Bao la tatu lilipoingia nilingojea nisikie watasema nini. Kijana mmoja, mwenyeji, wala si mtu mbaya, akasimama akajikung'uta vumbi kwenye suruali. "Huyu soka lake ni la Kitanzania," akasema. "Arudi Tanzania."

Safari hii nilizungumza. Nilimuuliza kocha alikuwa ameahidi nini. Hakujua. Nilimuuliza mechi ngapi tumecheza katika uwanja wetu wenyewe. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia: "Mwalimu, na wewe ni Mtanzania, ndiyo maana unamtetea." Watu wakacheka. Sikuwa na jibu, kwa sababu kicheko kile nilikijua, nilikuwa nimekitoa mwenyewe miaka minne kabla.

Ninachokiomba kwa mashirikisho yetu si kikubwa. Siku kocha anapotangazwa, na lengo lake litangazwe, kwa tarehe na kwa mashindano, tulisome sote. Siku hiyo ikifika, aitwe, apimwe, abaki au aondoke, na kama anaondoka kabla ya siku hiyo tuambiwe ni kiasi gani cha fedha ya nchi kinaondoka naye. Shuleni kwetu hata mwalimu wa darasa la kwanza anapata hayo.

Kwa upande wa banda letu, nimemwomba mwenyewe mwenye banda aweke ubao ukutani. Anayesema kocha anaondoka, aandike jina lake, tarehe, na nani kamwambia. Alicheka, lakini aliuweka, nikampa chaki za shule ambazo pengine sikupaswa kumpa. Wiki ya kwanza waliandika watu sita. Mwezi wa pili waliandika wawili. Mara ya mwisho nilipopita, majina yale mawili yalikuwa yamefutwa kwa mkono, na mahali pake pameandikwa bei ya soda.